Tetere hawa wawili: achana na pete, tazama mkia

Anayeanza kuangalia ndege hapa Mwanza akishaona nusu-pete nyeusi kisogoni, basi keshaamua. Tatizo ni kwamba pete hiyo wanayo wote: tetere mkubwa mwenye macho mekundu (Streptopelia semitorquata) na yule mdogo (Streptopelia capicola). Tena kinda pete yake haijakolea, kwa hiyo kuikosa nako hakukuambii kitu.

Subiri aruke, au vizuri zaidi, atue, maana hapo ndipo anapokunjua mkia. Mdogo ana weupe kwenye pembe za mkia, na unaonekana hata bila darubini. Mkubwa hana weupe wowote: ncha ya mkia ni ya kijivujivu, na juu yake kuna mkanda mweusi. Akigoma kuruka, zunguka usimame chini ya tawi uangalie manyoya yaliyo chini ya mkia. Ya mdogo ni meupe, ya mkubwa ni ya kijivu.

Jicho linafaa kwa karibu tu. Mwanga wa ziwani ukiwa nyuma ya ndege, kila jicho ni jeusi, kwa hiyo jipange jua liwe mgongoni mwako. Mkubwa ana jicho jekundu lenye ngozi nyekundu kandokando. La mdogo ni jeusi, halina ngozi hiyo. Ukikuta jicho la njano lililozungushiwa wekundu, huyo ni wa tatu, Streptopelia decipiens, na kwa bahati mbaya naye ana weupe mkiani.

Kwa ukubwa, mmoja hufika sentimita 30 hivi na zaidi, mwingine 25 hadi 28. Wasiposimama pamoja, tofauti hiyo haina msaada.

Sauti, kwa maoni yangu, inashinda vyote. Mkubwa hupiga mapigo sita: mawili ya taratibu, kisha manne ya harakaharaka. Mdogo hupiga matatu, la katikati likiwa na mkwaruzo, kuk-KUURR-ku, anarudia hadi uchoke wewe. Yule wa tatu hukoroma.

Mkubwa mtafute kwenye miti mirefu karibu na maji, kama miembe na mikuyu ya Capri Point. Mdogo yuko zaidi kwenye migunga na mashamba ya kuelekea Magu na Misungwi, akiokota mbegu chini. Ila kiangazi wote hushuka kunywa maji sehemu moja, na hapo mahali si ushahidi tena.