Swali la lugha: Kodi ya upasuaji wa urembo, wa vipodozi au wa hiari?

Msomaji aliyeko Mombasa, ambaye kazi yake ni kufasiri habari za uchumi kwa ajili ya redio, ameuliza: "Nimepata habari kuhusu nchi zinazowatoza kodi watu wanaofanyiwa operesheni ili wapendeze, si kwa sababu wanaumwa. Mwenzangu mmoja anaandika 'kodi ya upasuaji wa vipodozi', mwingine 'ushuru wa upasuaji wa plastiki', na mimi niliandika 'kodi ya upasuaji wa hiari'. Lipi ni sahihi? Na tuseme kodi, ushuru au tozo?"

Andikeni "upasuaji wa urembo". Hayo mengine yote yana kasoro, na lako, ndugu msomaji, ndilo linaloweza kumtia mtu hofu bure, kwa hiyo naanza nalo.

Hospitalini, upasuaji usio wa dharura hupangiwa tarehe. Mwenye ngiri ambayo haijamzidia hupangiwa tarehe, na mwenye mtoto wa jicho vilevile. Wote huombwa ridhaa na kutia saini, yaani wamekubali kwa hiari yao. Sasa redio ikitangaza kwamba upasuaji wa hiari utatozwa kodi, mzee anayesubiri siku yake ya kutolewa mtoto wa jicho ana kila sababu ya kuamini kwamba anayesemwa ni yeye. Kuna na tatizo la sarufi. "Upasuaji" na "urembo" yote ni majina ya ngeli ya U, na yote huchukua "wa". Ukiandika "kodi ya upasuaji wa urembo wa hiari", haijulikani hiari ni ya upasuaji au ya urembo. Ulimi ukiteleza kidogo ukasema "ya hiari", basi kodi yenyewe imegeuka kuwa ya hiari, jambo ambalo hakuna serikali iliyolikusudia. Ikibidi kulieleza wazo hilo, tumia kitenzi: "upasuaji wa urembo ambao mtu ameuchagua mwenyewe bila kuwa na ugonjwa".

"Upasuaji wa vipodozi" ni tafsiri ya kukurupuka. Kipodozi ni kitu cha kujipodolea: poda, wanja, rangi ya mdomo. Hakipasuliwi, wala hakimpasui mtu.

"Upasuaji wa plastiki" ni jina lililoenea, lakini wengi wanaolisikia hufikiria ndoo na mifuko, au hudhani kuna kitu cha plastiki kinachotiwa mwilini. Kosa kubwa zaidi ni kwamba taaluma inayoitwa hivyo ni pana. Inamhudumia aliyeungua moto hadi shingo ikashikamana na kifua, mtoto aliyezaliwa na mdomo wazi, na mwanamke aliyeondolewa titi kwa saratani. Tanzania madaktari wana jina zuri kwa kazi hiyo: upasuaji rekebishi. Limeundwa kwa kanuni zetu wenyewe, rekebisha likatoa rekebishi kama shirikisha lilivyotoa shirikishi. Nawasihi watangazaji walichukue, kwa sababu habari za kodi hii haziwezi kuelezwa vizuri bila kutenganisha upasuaji rekebishi na upasuaji wa urembo.

Tazama kile kiunganishi cha -a. "Upasuaji wa moyo" hutaja kiungo, "upasuaji wa dharura" hutaja hali, "upasuaji wa urembo" hutaja lengo. Sheria za kodi hii zimesimama juu ya lengo. Korea Kusini ilipoanza Julai 2011 kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 10, ilitaja upasuaji wa kope, wa pua, wa matiti, wa kuondoa makunyanzi na wa kufyonza mafuta, kisha mwaka 2014 ikaongeza aina nyingine. Lakini kwenye matiti iliweka wazi kwamba kuunda upya titi baada ya saratani hakumo. Kwa hiyo kichwa cha habari kinachosema "Korea yatoza kodi upasuaji wa matiti" kimetaja kiungo, kikaacha lengo, na kimemuumiza mtu aliyekwisha kuumia vya kutosha.

Ulaya nako jambo hili lilifika mahakamani. Tarehe 21 Machi 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Sweden, ilisema huduma hizi zinasamehewa kodi pale tu lengo lake linapokuwa kutibu au kulinda afya. Mtu kujihisi anahitaji hakutoshi peke yake. Mtaalamu wa tiba ndiye anayepima, na maradhi ya nafsi yanahesabiwa pia kuwa maradhi. Ndiyo maana napinga kuandika "upasuaji usio wa lazima". Lazima kwa nani? Mwandishi anakuwa ametoa hukumu ambayo majaji wameiachia tabibu.

Jambo moja hukuliuliza, nalo litakukabili ukifasiri habari za Marekani. Jimbo la New Jersey lilianza kutoza kodi ya asilimia 6 Septemba 2004, likaipunguza hatua kwa hatua na kuifuta Julai 2014. Kodi ile ilihusu pia sindano za kulainisha makunyanzi na kupandikiza nywele. Sindano si upasuaji. Kupasua ni kwa kisu. Hapo andika "huduma za kitabibu za urembo". Usiandike "matibabu ya urembo", maana anayetibiwa ni mgonjwa, na sheria ile ilisema waziwazi kwamba wagonjwa hawamo.

Kuhusu kodi, ushuru na tozo, fuata wasikilizaji wako. Kenya "ushuru" ndilo neno la jumla, na ukisema "kodi" wengi wataikumbuka ya nyumba. Ukiwa Mombasa, "ushuru wa upasuaji wa urembo" hauna kosa. Tanzania kodi ndiyo neno la jumla, na ushuru hubaki kwa forodha na kwa bidhaa maalumu. Mwaka 2019 nywele bandia zilipowekewa asilimia 25 kwa za kutoka nje na asilimia 10 kwa za ndani, mitaani watu walisema "kodi ya mawigi", lakini kwenye bajeti ulikuwa ushuru wa bidhaa. Tozo, ambayo Watanzania waliizungumza sana ilipowekwa kwenye miamala ya simu mwaka 2021, haifai hapa.

Mwisho, angalia kitenzi "toza" na anayetozwa. Nimeona imeandikwa "New Jersey ilizitoza kliniki kodi". Mlipaji pale alikuwa mteja, na kliniki ilikusanya na kuwasilisha serikalini. Andika: "Jimbo liliwatoza wateja kodi ya asilimia 6 kwa huduma za kitabibu za urembo, na kliniki ndizo zilizoikusanya."