Chonge zimetokea juu, tuzing'oe?

SWALI: Binti yangu ana miaka 13. Meno yake yamebanana sana. Chonge mbili za juu zimetokea juu kabisa kwenye ufizi, nje ya mstari, na meno ya chini yamepandana. Daktari anataka kumfunga waya na kumng'oa magego madogo manne, yote mazima. Bibi yake anasema afadhali tung'oe chonge zenyewe, tusiingie gharama. Tufuate lipi? – Mama, Moshi

JIBU: Mama, chonge msiziguse. Ndizo meno yenye mizizi mirefu kuliko yote, na ndizo zinazoshika kona za taya. Zimekaa vibaya kwa sababu za juu huchelewa kuota, kwenye miaka 11 au 12, wakati jirani zake wameshajaza nafasi.

Kinachoamua ni vipimo. Taya ikipungukiwa na nafasi ya milimita 4 au chini ya hapo, kwa kawaida meno hupangwa bila kung'oa. Upungufu ukivuka 8 au 9, mara nyingi lazima yapunguzwe. Gego dogo la kwanza, lililo nyuma tu ya chonge, lina upana wa milimita 7 hivi; likitoka kila upande, taya inapata 14. Lakini hazibaki zote, kwani magego makubwa nayo husogea mbele na kula sehemu yake. Muulize daktari atayazuia vipi.

Kabla ya kung'oa, apigwe eksirei ya mdomo mzima ionekane kama magego madogo ya pili yapo na ni mazima. Yaliyotoboka yazibwe kwanza. Na tafadhali, msing'oe sasa mkitegemea kupata hela ya waya mwakani. Chonge inaweza kushuka kidogo yenyewe, ila magego ya nyuma nayo hulalia pengo, na nafasi mliyoilipia kwa jino zima inapotea. Ulizeni bei ya kazi yote, pamoja na kifaa cha kushikilia meno baada ya waya kutolewa.

Kwa kuwa mko Moshi: kama meno yake yana madoa ya kahawia ya floridi, madini yanayozidi kwenye maji ya baadhi ya sehemu za huko, daktari ayaangalie mapema. Jino la namna hiyo haliliki vizuri na asidi inayopakwa kabla ya gundi ya kubandikia vipande vya chuma vinavyoshika waya, hivyo vipande hivyo hubanduka ovyo, na kila kikibanduka matibabu yanarudi nyuma.

Matibabu huchukua miezi 18 hadi 30, na waya hukaguliwa kila wiki 4 hadi 8. Maumivu ya siku 3 au 4 baada ya kufungwa ni ya kawaida. Miwa, mahindi ya kuchoma na mifupa aache. Apige mswaki kila baada ya kula, hasa kati ya kipande cha chuma na ufizi. Uchafu ukilala hapo huacha alama nyeupe ambazo mara nyingi hazifutiki kabisa.

Waya zikitoka, kifaa cha kushikilia meno avae kila usiku kwa miaka. Kikivunjika, mrudisheni kliniki wiki hiyo hiyo, maana meno ya mbele ya chini huanza kubanana tena upesi.