Kumbukumbu za kikao kubali, chai kataa

Kila mwisho wa mwaka wa masomo kuna msichana mmoja au wawili wa idara ya lugha wanaobisha hodi ofisini kwangu. Wakishakaa, swali ni lile lile: "Mama Prof, na isimu, hii sayansi ya lugha, mtu anafika wapi?" Nilikofika wanakuona, kumeandikwa mlangoni: rekta, yaani mkuu wa chuo kikuu. Wanachotaka kujua ni kama nilibahatika tu. Naandika hapa ninayowajibu, nipumzishe koo.

Mimi ni mtoto wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, na Kasapa, kampasi ya chuo kikuu cha mji huu, ndiko nilikosoma. Chuo kile kilianzishwa 1955, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwaka 1971 serikali ilipounganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, kitivo cha lugha na fasihi kiliwekwa huku kwetu Lubumbashi, hadi vilipotenganishwa tena 1981. Walimu walionifundisha walikuwa zao la miaka ile. Korido moja ungeweza kusikia Ciluba, Kikongo, Lingala na Kiswahili kabla hujafika mwisho wake.

Nilipochagua kuandika tasnifu juu ya Kiswahili cha mjini, hiki chetu cha "njo" (ndiyo) na "eko" (yuko), mama mdogo aliacha mwiko ndani ya bukari, ugali wetu, akanikazia macho. "Swahili? Swahili shiye bote tunayua!" Kiswahili sisi wote tunakijua! Maana yake: umekosa la kusoma? Nilicheka, lakini usiku niliwaza. Miaka yote ya tasnifu nilikuwa najibu swali la mama mdogo.

Ushauri wa kwanza ni mfupi. Maliza tasnifu kabla ya kupokea cheo chochote. Kwetu unaanza asistenti, unapanda kuwa mkuu wa kazi, na bila udaktari unabaki hapo hapo. Nawajua wanawake hodari waliopewa ukatibu wa idara mapema, wakasifiwa sana kwa bidii, na tasnifu zao ziko kabatini mpaka leo.

La pili ndilo nililolipia.

Kikao cha kwanza cha kitivo nilichokaa kama daktari, tulikuwa watu 12, na mwanamke ni mimi peke yangu. Ilipofika saa ya kuuliza nani ataandika kumbukumbu, vichwa 11 viligeuka upande wangu. Nilikasirika. Niliandika huku kalamu inakaribia kutoboa karatasi. Kikao cha tatu ndipo nilipoona walichonikabidhi: anayeandika kumbukumbu ndiye anayechagua kitenzi.

Vikao vyetu ni vya Kifaransa, na Kifaransa kina kijineno "on". On a décidé: kuna aliyeamua, hatajwi. Huyo "on" simjui, sijawahi kumkuta kwenye korido. Kiswahili nacho kina maficho yake, tena mazuri zaidi. Ukisema "fedha zimetumiwa", bado naweza kuuliza zimetumiwa na nani. Ukisema "fedha zimetumika", ile -ik- imefunga mlango. Hakuna asemaye "zimetumika na dekano", yaani mkuu wa kitivo. Mtoto hajaanza shule anajua hilo: sahani imevunjika, mama. Imejivunjia yenyewe.

Basi nikaanza kuandika majina. Profesa fulani ataleta orodha tarehe 15. Fulani ndiye aliyependekeza bei. Watu walinuna. Papa mmoja mzee wa kitivo alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba karatasi yangu ni kali. Nilimwitikia kwa heshima zote, na kikao kilichofuata nikaandika jina lake pia.

Miaka miwili baadaye ukazuka ugomvi wa silabasi, yale maandishi ya somo ambayo mwanafunzi hununua kwa mwalimu. Nani aliruhusu bei ipande? Kila mtu alikuwa na kumbukumbu yake kichwani. Yenye majina ilikuwa moja tu, yangu. Mwaka ule ule nikawa dekano. Sidhani walinipenda, nadhani walichoka kugombana na karatasi.

Lakini kuna mpaka. Chai usiipange. Mwanamke akiandika kumbukumbu na kugawa vikombe kikao hicho hicho, watakaloshika ni vikombe.

Wengine huniambia isimu ni njia ya pembeni, kwamba marekta ni wanasheria na madaktari wa tiba. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Ghana, kilichoanzishwa 1948, kilipata mwanamke wa kwanza kukiongoza: Nana Aba Appiah Amfo, mwanaisimu. Udaktari aliupatia Trondheim, Norway, na amechunguza sana vile vineno vidogo vya Kiakan, lugha ya huko Ghana, vinavyoshika mazungumzo pamoja. Kabla ya hapo alipita ngazi za kuongoza masomo ya lugha palepale. Yale ya Ghana ni ya Ghana, wana taratibu zao. Ila nikisoma kuhusu vineno vyake, namfikiria mtu aliyezoea kusikiliza pale wengine wanaporuka.

Na hata masikio ya mwanaisimu huziba. Mwaka wangu wa kwanza wa urekta, wanafunzi walifunga lango kwa sababu ya ada. Nilitoka nje na Kiswahili bora, kile cha shuleni na kanisani: "Ndugu wanafunzi, tafadhalini tulieni." Kimya. Halafu sauti moja kutoka nyuma: "Mama, misa inaanza saa ngapi?" Walicheka wote, mlinzi naye akageuka asionekane. Mimi niliyeandika kurasa 400 juu ya lugha ya mji huu! Nikaanza upya: "Batoto, muko na njala ao hapana?" Wakajibu wana njala, tukakaa chini, mazungumzo yakaenda mpaka jioni. Ada haikushuka yote. Waliruhusiwa kulipa kwa awamu, na niliandika nani ameruhusu.

Bado nafundisha, Alhamisi asubuhi, fonetiki, somo la sauti za lugha, mwaka wa kwanza. Usiache darasa lako hata moja lililobaki. Ofisini watu wanakuambia unachotaka kusikia, darasani wanapiga miayo.

Wiki iliyopita idara moja imeniletea ripoti ya mstari mmoja: "Projekta imeharibika." Nimeirudisha na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu chini ya -ik-. Sijajibiwa.