Saidi ni babu, si ukoo

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Jina lako la ukoo limetoka wapi, na lina maana gani?" Langu ni Saidi, na nilidhani nalijua mpaka siku niliyochekwa na baharia.

Mimi ni karani wa tali, mhesabu shehena, bandarini Mtwara. Msimu mmoja wa korosho iliingia meli yenye mabaharia Wamisri, mmoja wao akasoma kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwangu, akaangua kicheko na kuwaita wenzake. "Saidi! Saidi!" Nikadhani nimepata rafiki. Kumbe kwao Msaidi ni mtu wa Misri ya Juu, yaani kusini, maana Nile inateremka kwenda kaskazini, na watu wa Cairo wamewatungia Wasaidi vichekesho vya ushamba visivyokwisha. Nikamwambia hata huku mtu wa kusini ana ya kwake ya kuambiwa akifika Dar. Tukacheka wote.

Ila neno lake si langu. Maneno ya Kiarabu yaliyochanganyika hapa ni matatu. La yule baharia linaanza na swadi, ile s nzito, na asili yake ni kupanda juu. La pili ni sayyid, bwana, ndilo lililofika Hispania likawa El Cid, lakabu ya Rodrigo Díaz de Vivar, mpiganaji aliyefariki Valencia mwaka 1099. La tatu ndilo letu: lina sini, s ya kawaida, mwanzoni na aini katikati, maana yake mwenye heri. Kiswahili hakina swadi wala aini ya kooni, basi masikioni mwetu matatu hayo yamekuwa kama mtu mmoja. Ukitaka kuona mawili bega kwa bega, mtazame Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyefia baharini mwaka 1856. Seyyid ni cheo, Said ni jina.

Mwalimu wangu wa madrasa ndiye aliyenionyesha ndugu za jina hili. Mzizi ule ule umezaa sudi, Masudi na Saada. Halafu akataja saidia na msaada, nikabaki nimeduwaa. Tangu hapo mtu akiniomba msaada nasikia kama anamwita babu yangu.

Wala si jina la Waislamu peke yao. Edward Said, profesa aliyezaliwa Jerusalem mwaka 1935 akaja kufundisha New York, alitoka familia ya Wapalestina Wakristo. Mji wa Port Said ulipewa jina la Said Pasha, aliyeitawala Misri mfereji wa Suez ulipoanza kuchimbwa mwaka 1859. Waturuki husema Sait, Wahausa Saidu. Sisi tumebandika i mwishoni kwa kuwa ulimi wetu hautaki neno likatike ghafla: Hamisi, Rashidi. Baada ya m au b inakuja u: Salumu, Yakubu. Wairani nao wana Saeedi, lakini i yao ina kazi, maana yake "wa Saidi".

Sasa hilo neno "ukoo", mhariri, ndipo ninapokupinga. Babu alikuwa Mmakonde wa Newala. Alipoingia jandoni, likumbi kama wanavyosema wenyewe, alikuwa na jina lake la utotoni. Alipotoka alikuwa Saidi. Nilimuuliza bibi hilo la kwanza lilikuwa lipi. Akaacha kubangua korosho, akanitazama. "Wee mume wangu, mtu keshatoka jandoni, jina la utoto unalitakia nini? Unataka kumtukana?" Hakunitajia mpaka leo. Na ukoo wenyewe kwa mila ya Wamakonde hupita kwa mama, kwa hiyo wa babu uliendelea kwa watoto wa dada zake, si kwa baba yangu. Kitambulisho changu hakina ukoo wowote. Kina jina la mzee mmoja. Akina Saidi wa Lindi na Kilwa wanaoniita ndugu nawashukuru, lakini kila mmoja ana Saidi wake.

Kwa desturi ya pwani jina hutembea: lako, la baba, la babu, na kizazi kinachofuata babu anadondoka. Saidi angekuwa amekwishadondoka. Tatizo ni fomu, zina kisanduku cha "jina la ukoo" na hazitaki maelezo. Msimu fulani malipo ya korosho ya baba yalikwama wiki tatu kwa sababu daftari la chama chake cha ushirika lilisema Saidi na akaunti ilisema Said. Kwa herufi moja tu, mzee akapanda bodaboda kwenda mjini mara nne. Kaka yangu yeye kaandikwa Saidy, na hiyo y hakuna nyumbani anayejua ilikotoka.

Basi nilipokwenda kumwandikisha binti yangu, ambaye kwa desturi jina lake la tatu lilipaswa kuwa Bakari, yaani baba yangu, nikaandika Saidi. Nikamtamkia karani herufi moja moja, kisha nikamwomba anigeuzie karatasi niihakiki mwenyewe. Jioni nikampelekea baba cheti. Akavaa miwani, akasoma polepole mpaka mwisho, akarudia.

"Na mimi," akauliza, "nimekwenda wapi?"