Jibu: Toyota IST ya 2003 inatoa povu kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili) baada ya kubadilisha oili ya gia boksi

Salaam mkuu. Umesema umemwaga oili ya gia boksi ya otomatiki kwa nati ya chini, ukajaza lita 4, na sasa kuna povu na gari linachelewa kushika D.

Umezidisha. Kwa nati hiyo hutoka takriban lita 3 tu, kwa sababu oili nyingine hubaki ndani ya tokoniveta (kiungo kati ya injini na gia boksi). Ikizidi, gia zinazozunguka huichapa kama mayai. Povu lina hewa, na pampu ikivuta hewa presha hushuka. Usiendeshe gari hivyo, klachi za ndani zitaungua.

Anza kwa kupima upya. Gari liwe sehemu tambarare, injini inawaka, oili ya gia boksi imepata moto kabisa. Kanyaga breki, pitisha leva P hadi L ukirudi P, polepole. Chomoa dipstiki, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ichomeke tena, ichomoe usome upande wa HOT (oili ya moto). Ukisoma oili ikiwa baridi kwa alama za HOT utaongeza bure, na nadhani ndipo ulipokosea.

Ya ziada ivute kwa bomba la sindano na mpira mwembamba kupitia tundu la dipstiki, robo lita kwa robo lita, ukipima kila mara.

Halafu soma maandishi ya dipstiki yenyewe: oili uliyoweka ilingane nayo. Duka likikuuzia "haidroliki" (jina la mtaani la oili hii) bila kutaja aina, irudishe. Oili nyekundu zote zinafanana machoni.

Kiwango kikikaa sawa na bado inachelewa, fungua sampo (beseni la chini ya gia boksi). Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida.