Swali la Msomaji: Vidonge vya Zabibu na Kurudisha Ujana

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Mimi ni mama wa miaka 62, mkazi wa Langoni, Lamu. Binti yangu aliye Mombasa ameniletea chupa ya vidonge vya resveratroli, miligramu 500 kila kimoja, yenye picha ya kichala cha zabibu. Ameambiwa kuwa vinazuia uzee na kuimarisha moyo. Nasikia kitu hiki hutoka katika mvinyo, nami sitaki kuingiza haramu tumboni. Tena natumia warfarini tangu damu iliponiganda mguuni mwaka jana, na presha yangu hupanda. Kila siku baada ya sala ya alfajiri hutembea hadi Shela na kurudi. Je, vidonge vitanizidishia nguvu? Chupa sijaifungua. — Mama wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Umefanya vyema mno kuuliza kabla ya kuifungua chupa, nami nitaanza na lililo la haraka: usivimeze vidonge hivyo maadamu unatumia warfarini. Dawa yako, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande, huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, na resveratroli, kemikali inayotengenezwa na baadhi ya mimea, ikiwa nyingi huweza kuvizuia baadhi ya vimeng'enya hivyo, warfarini ikabaki mwilini kuliko alivyokusudia daktari wako. Juu ya hayo, resveratroli yenyewe hupunguza kushikamana kwa zile chembe zinazogandisha damu. Kile kipimo cha damu unachofanyiwa hospitalini kuona damu inachelewa kiasi gani kuganda, ambacho kwa mtu aliyeganda damu mguuni kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kinaweza kupanda bila wewe kuhisi chochote, mpaka siku utakapopiga mswaki ufizi ukatoka damu isiyokatika, au ukaona choo cheusi. Bila shaka uliambiwa usibadilishe ghafla kiasi cha mchicha unachokula, kwa kuwa nao hugusa nguvu ya warfarini. Tahadhari ya vidonge hivi ni kubwa kuliko ya mchicha, kwa sababu mchicha ni chakula ulichokizoea, ilhali kidonge kimoja hubeba kiasi ambacho chakula hakiwezi kukupa.

Tazama hesabu yenyewe. Kikombe cha njugu nyasa za kuchemsha, kama hizi wanazouza watoto pale Mkunguni, huwa na resveratroli ya miligramu 1 hivi, na kikombe cha zabibu nyekundu hakizidi sana hapo. Kwa hiyo kidonge chako kimoja ni sawa na mamia ya vikombe vya njugu. Mmea hauitengenezi kwa ajili yetu. Huitengeneza kujilinda unapovamiwa na kuvu au unapoumizwa na jua kali, na ndiyo maana hukaa zaidi kwenye ganda la zabibu kuliko ndani.

Kuhusu mvinyo, sifa hiyo ilitokana na Wafaransa, ambao watafiti waliwaona wanakula mafuta mengi ya wanyama bila maradhi ya moyo kuwa mengi kwa kiasi kilichotarajiwa, wakakisia kuwa mvinyo mwekundu ndio sababu. Lakini resveratroli iligunduliwa nchini Japani mwaka 1939 na mwanakemia Michio Takaoka, katika mmea usiohusiana na zabibu kabisa, na vidonge vingi vya madukani leo hutokana na mizizi ya gugu moja la Asia ya Mashariki. Picha ya zabibu ni pambo la biashara. Ambalo mtu wa dini angeliangalia zaidi ni ganda la kapsuli, kwani mara nyingi ni jelatini, nayo huweza kutoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe. Lebo isiposema, hakuna njia ya kujua kwa macho.

Sasa, je, inazuia uzee? Nakiri kwamba matumaini hayakuzuka hewani. Mwaka 2003 ilionekana kurefusha maisha ya hamira, na mwaka 2006 panya walionenepeshwa kwa chakula cha mafuta waliishi zaidi walipopewa. Miaka miwili baadaye panya waliokula chakula cha kawaida walijaribiwa pia, na umri wao haukuongezeka. Kwa binadamu shida huanzia tumboni: resveratroli hufyonzwa vizuri, kisha utumbo na ini huigeuza upesi sana, hata ile inayofika kwenye damu ikiwa katika hali yake ya asili haifiki asilimia 1. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofuatilia wazee 783 wa Tuscany, Italia, kwa miaka 9. Wale ambao mkojo wao ulionyesha kuwa wanaipata kwa wingi kutoka kwenye chakula hawakuishi zaidi ya wenzao, wala hawakupungukiwa na maradhi ya moyo. Kwa wagonjwa wa kisukari majaribio madogo kadhaa yameonyesha sukari kushuka kidogo, na mengine hayakuonyesha. Mimi kwa ushahidi wa namna hiyo sitamshauri mtu atoe pesa ya mboga ya wiki nzima.

Swali lako la kutembea ndilo lililonigusa zaidi. Nchini Denmark, katika utafiti wa mwaka 2013, wanaume 27 wa miaka 65 hivi walifanya mazoezi kwa wiki 8. Karibu nusu yao walimeza miligramu 250 za resveratroli kila siku. Waliomeza walipata faida ndogo ya mazoezi kuliko wasiomeza: pumzi yao iliongezeka kidogo tu, na presha haikushuka kama ya wenzao. Hao ni watu wachache, tena wanaume, lakini mama, njia yako ya ufukweni mpaka Shela na kurudi, kilomita 6 hivi kabla jua halijawa kali, sipendi hata kidogo kuiona ikipunguziwa baraka na kidonge.

Chupa ipeleke kliniki siku ya kipimo, waione na waiandike kwenye faili lako. Naye binti yako, ambaye nia yake ni njema, mwombe akuletee mashine ya kupimia presha ya kufunga mkononi. Pima asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kulala, umekaa, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, nambari uziandike katika daftari utakalokwenda nalo kwa daktari.