Wazee wakiingia studio, wewe na kamera yako kaeni pembeni

Ndani ya mwezi mmoja vijana wanne wamenifuata na swali lilelile: wawili wa Iringa, mmoja wa Njombe, mmoja wa hapa hapa Mbeya. Kila mmoja ana bendi ya wazee kwao, wazee wamejikusanya warekodi albamu, naye anataka kushuti kazi yote iwe filamu ya makala. Wote wanne wameanza kwa kuniuliza wanunue au wakodi kamera gani. Hilo nalijibu kwa ufupi: kamera yoyote unayoweza kuiendesha gizani bila kuitazama inatosha. Yaliyobaki ndiyo mazito, na nitayaeleza kwa kazi niliyoifanya mwenyewe.

Ilikuwa bendi ya dansi, wazee saba, mdogo wao ana miaka 61 na mkubwa wao 78. Miaka ya 1970 na 1980 walizunguka kumbi za Mbeya, Tukuyu, Tunduma na Kyela, wakapotezana, wakakutana tena kwenye msiba wa mwenzao. Wameniomba jina la bendi nisilitaje mpaka albamu itoke. Studio ilikuwa nyumba ya kawaida Mwanjelwa, yenye chumba kimoja kikubwa na kijichumba cha kuimbia. Tulikaa siku 12, mwezi wa Julai.

Julai niliichagua mimi, na hapo nilifanya vizuri. Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na nyumba nyingi zimeezekwa bati. Mvua ya Mbeya juu ya bati haihitaji kuelezewa kwa mtu aliyewahi kusoma darasani huku. Hakuna maiki itakayokuokoa. Lakini Julai nayo ina bei yake, ambayo ni baridi. Vidole vya mzee wa miaka 70 havifunguki saa mbili asubuhi, nyuzi za gitaa hupoteza tyuni kila chumba kinapobadilika joto, na betri za kamera huisha haraka kuliko ulivyozoea Dar es Salaam. Tulianza kazi saa nne, jua likiwa limepanda juu ya mlima Loleza. Betri za akiba nilizitunza mfuko wa ndani wa koti. Na jambo moja nalisema kwa msisitizo: mtu asikushawishi kuingiza jiko la mkaa studio ili wazee wapate joto. Chumba cha studio kimezibwa kila upenyo ili sauti isitoke, na hewa ya mkaa isiyoonekana wala kunusika inaua watu kwenye nyumba zetu kila msimu wa baridi. Chemsha maji, weka kwenye chupa za chai, wazee washike vikombe viganjani.

Kero nyingine ni malori. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita katikati ya mji, na lori lenye mzigo wa Zambia au Kongo likipanda mlima kwa gia nzito, mtetemo wake unaingia studio kupitia sakafu. Sikio linauzoea baada ya saa moja, ila maiki haizoei. Kabla hujakubaliana na mwenye studio, nenda ukakae pale saa nzima ukiwa umevaa hedifoni, maiki imewashwa, hakuna anayeongea. Mimi nilikaa dakika kumi tu nikaona patulivu. Siku ya pili ndipo nilipogundua kwamba foleni hufunguka jioni, saa ileile tuliyokuwa tumeitenga kwa mahojiano.

Sasa niseme lililonifundisha kuliko yote.

Prodyuza alikuwa kijana mzuri, msikivu, ila muziki wake wote ameutengenezea kwenye kompyuta. Alipanga kurekodi kila chombo peke yake: mpiga gitaa la solo aingie na hedifoni, asikilize mapigo ya mashine, apige sehemu yake, atoke, aingie wa gitaa la rithimu. Ndivyo nyimbo nyingi zinavyotengenezwa leo, na ina faida zake, maana mmoja akikosea anarudia peke yake. Mzee wa solo aliingia. Akapiga mara moja, akapiga mara mbili, mara ya tatu akasimama katikati akavua hedifoni. Hakukasirika. Alisema, "Kijana, solo yangu mimi inaingia pale rithimu inapopumua. Mkono wake siuoni. Nitaingiaje?"

Nilidhani kazi imekwama, nikazima kamera ili nibadilishe betri na kupunguza picha kwenye kadi. Nje ya kamera yangu iliyozimwa wazee wakaanza kueleza, mmoja baada ya mwingine, jinsi walivyokuwa wanarekodi zamani. Bendi za enzi hizo zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ndani ya chumba, wimbo mzima kwa mkupuo mmoja. Tarumbeta akikosea dakika ya tano, mnarudi wote mwanzo. Kwa hiyo walifanya mazoezi wiki nzima kabla ya kupanda basi, na ndani ya studio waliongozana kwa macho: bega la mpiga besi likishuka, tunaingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka. Prodyuza alisikiliza kama mwanafunzi. Mwisho akasema, "Basi babu zangu, tupange chumba." Magodoro yakaletwa kutoka nyumba ya jirani, yakazungushiwa drums, amplifaya ya besi ikahamishiwa koridoni, tumba zikasogezwa pembeni, na magitaa matatu yakakaa yakitazamana kama watu wanaokula sahani moja.

Huo mjadala wa dakika 40 ndio moyo wa filamu yangu, na nina dakika sita tu za mwisho. Nimeulilia, na bado unaniuma. Kwa hiyo, ndugu yangu, muziki ukisimama, usizime. Muziki wenyewe utabaki kwenye albamu hata usiposhuti kabisa. Yanayotokea kati ya wimbo na wimbo, ukimya, mtu kumrekebisha mwenzake kwa adabu, mtu kukumbuka, hayana mahali pengine pa kubaki isipokuwa kwako. Kama uhifadhi ndio unaokutisha, piga hesabu mapema: kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Saa sita kwa siku ni 270, mara kamera mbili ni 540. Nunua diski mbili kubwa badala ya lenzi mpya, nakili kila jioni kwenye zote mbili, na zisilale nyumba moja.

Bendi ikishapiga kwa pamoja chumbani, nawe masharti yako yanabadilika. Kila maiki inasikia kila kitu. Kiatu chako, kifuniko cha lenzi, feni ndogo ya kamera, vyote vinaingia kwenye albamu. Nilivua viatu nikavaa soksi mbili. Kamera mbili nilizifunga kwenye stendi kabla wazee hawajakaa, ya tatu nikaishika mkononi, na prodyuza akishahesabu nilibaki nilipo mpaka mlio wa mwisho wa sahani za drums ufe. Ukitaka pembe nyingine, subiri mkupuo mwingine.

Lakini usiombe mkupuo mwingine kwa ajili yako. Hili nalo nililifanya na sitalirudia. Siku ya tano niliwaomba warudie mwanzo wa wimbo mmoja ili nipate midomo ya mpiga tarumbeta kwa karibu. Ana miaka 74. Mzee akanikubalia kwa upole kabisa, akapiga mara tatu, nami nikapata picha nzuri sana. Jioni, ulipofika mkupuo wenyewe, sauti ilikuwa imechoka. Midomo ya mpiga tarumbeta ni misuli, ina akiba yake ya siku, na kwa umri ule akiba si kubwa. Mimi nilikuwa nimeimaliza mchana. Ikabidi warudi kesho yake, na siku hiyo ya ziada ya studio nililipa mimi, kwa haki kabisa. Picha za karibu zipo tele bila kuwagusa: wakityuni, wakipasha vidole, kwenye mikupuo ya mwanzo ambayo prodyuza mwenyewe anasema ni ya kuzoea, na hasa wakisikiliza kilichorekodiwa. Uso wa mzee anayesikiliza sauti yake mwenyewe baada ya miaka 40 ni bora kuliko vidole vyovyote. Isitoshe, vidole vya mkupuo wa pili haviwezi kukaa juu ya sauti ya mkupuo wa tano. Mpiga solo wa dansi harudii mambo yaleyale, na mtazamaji anayelijua gitaa ataona papo hapo kwamba unamdanganya.

Ya kiufundi nayapitia haraka, maana mengi utayapata kwingine. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo shuti fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa mwanga kuingia kwa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za studio zitacheza kwenye picha. Mwambie prodyuza tangu siku ya kwanza arekodi sauti kwa kipimo cha kilohezi 48, ambacho ndicho cha video. Wengi wa muziki wamezoea 44.1, na kubadilisha baadaye inawezekana ila ni kazi ya bure. Kila mkupuo uanze na kofi moja mbele ya kamera zote, ili baadaye uoanishe sauti na picha. Usitegemee kwamba kamera na mashine ya studio zitaenda sawa kwa saa nzima, kwani saa za vifaa viwili huachana kidogo kidogo. Umeme ukikatika, prodyuza anaweza kupoteza wimbo, lakini wewe una betri: endelea. Mazungumzo mazuri ya wiki ile nzima niliyapata gizani, kwa mwanga wa simu.

Mahojiano usiyafanye mwanzoni. Mzee uliyemfahamu leo atakupa hotuba aliyoizoea, kwamba muziki wa zamani ulikuwa na mafundisho na wa sasa ni kelele. Subiri siku ya saba au ya nane, wakae wawili wawili, na uliza vitu vinavyoshikika. Mlisafiri na gari gani kwenda Tunduma? Amplifaya ilibebwa na nani? Mlilala wapi, mlikula nini? Nilipouliza kuhusu gari, wazee wawili walibishana nusu saa kuhusu usiku mmoja wa matope kwenye mlima wa Tukuyu, na humo ndimo nilimojua nani alikuwa kiongozi, nani alikuwa mgomvi, na kwa nini mmoja wao aliacha bendi.

Haki za nyimbo nilizichelewesha, na ninakusihi usichelewe. Bendi nyingi za zamani hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; Tancut Almasi ya Iringa ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, wanamuziki walikuwa na mishahara, na rekodi zilibaki redioni. Ukiuliza "wimbo huu ni wa nani" utapata majibu matatu ya kweli. Tenganisha mambo: utunzi ni wa mtunzi, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki yake inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, rekodi ya zamani ina mwenyewe mwingine. Aliyefariki 1990, familia yake bado ina haki mpaka mwisho wa 2040. Pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uandikishe kazi, pata kibali cha Bodi ya Filamu kabla hujawasha kamera, na mikataba iandikwe Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya wazee wote kwa pamoja, pamoja na hela: nauli, chakula, na mgawo filamu ikiuzwa. Usimpe mmoja bahasha pembeni, hata kama ana shida ya kweli. Bendi zimevunjika kwa vidogo kuliko hivyo.

Wimbo mmoja katika ile albamu ulitungwa na yule mwenzao aliyefariki. Mjane wake anaishi Kyela. Tulishuka na mpiga rithimu, tukaacha baridi Uyole, tukapita Tukuyu kwenye ukungu, Kyela tukavua makoti. Mama alitupokea, tukakaa chini ya mwembe, mkataba ukasomwa na mwanawe wa kwanza pole pole, mama akasaini. Kisha akasema anataka kuusikia. Nilikuwa nao kwenye simu na spika ndogo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, halafu akamgeukia mpiga rithimu.

"Shemeji, ubeti wa tatu mmeuweka wapi?"

Mzee akasema beti zilikuwa mbili. Mama akasema hapana, wa tatu marehemu aliutunga baadaye, nyumbani, wanabendi wakiwa wameshapotezana, na alikuwa akiuimba shambani kwenye mpunga. Akauimba. Safari hii kamera ilikuwa inawaka. Mpiga rithimu alikuwa ameshika goti lake akilipigia mapigo, midomo ikimfuata mama nusu hatua nyuma, akijifunza.

Tulirudi Mbeya usiku. Asubuhi saa nne wazee wote saba walikuwa studio, magodoro yamesimamishwa upya, na nimeketi kwenye kona yangu na soksi zangu mbili.